Kikopo Kutoka Makangale

Jadida, Wete
10 Februari 1959

Mdogo wangu Mwanawema,

Salamu nyingi wewe na shemeji Jecha. Huku hatujambo, ila mimi wagonjwa wamenichosha mpaka nasahau kula.

Majibu ya kikopo chako yametoka. Nakuandikia kwa mkono wangu kwa sababu nakujua: ukisikia kwa mtu utaanza kugawa kanga zako kabla hujafa. Ni kifua kikuu. Ndiyo ile ile iliyomchukua baba. Sasa futa machozi uendelee kusoma. Baba alikufa kwa kuwa dawa haikuwepo. Leo ipo, na anayeitoa ni kaka yako. Kule Makerere wenzangu walichagua kupasua na kuzalisha, mimi nikachagua vifua, wakanicheka kwamba nitakula na kulala na makohozi ya watu. Nilimchagulia mzee wetu. Sikujua kuwa Mungu ataniletea mgonjwa wa nyumbani kwetu hasa.

Sikiliza masharti. Vidonge vidogo vyeupe ni vya asubuhi. Ule unga mchungu ni mara tatu kwa siku, na usiuteme, nakujua. Ramadhani ikiingia utakunywa wakati wa futari na wakati wa daku. Ni mwaka mmoja na nusu, hata ukijiona mzima. Kila mwisho wa mwezi shemeji apande gari la Konde, aniletee kikopo cha makohozi yako ya asubuhi, kabla ya chai, achukue dawa ya mwezi mwengine. Dawa inakuja kwa jina, kadi moja mtu mmoja, na imepimwa kwa mwili wako. Usipunguze hata chembe.

Halafu yule jirani yako Moza, aliyetuletea mkate wa kumimina nilipokuja kwenu akakataa kukaa kula nasi. Nilimsikia akikohoa uani. Mwambie aje hospitali, nimwandikie kadi.

Kaka yako,
Othman Nyange

*

Makangale
20 Mfunguo Mosi, ndiyo 29 Aprili 1959

Kaka yangu Daktari Othman,

Salamu kama mchanga wa pwani ya Makangale, na Idi njema ijapokuwa imeshapoa. Barua yako ilifika siku ile ile na nilipoisoma nililia kama ulivyotabiri, kisha nikacheka kwa hilo la kanga, maana nilishaanza kuzichagua.

Dawa nakunywa. Ule unga, kaka, Mungu ananiona, ni mchungu mpaka masikioni. Lakini homa imekatika na mwezi huu nimekwenda shamba mwenyewe na kurudi na muhogo kichwani. Jecha anasema nimenenepa. Mwanamme akisema hivyo ujue kweli.

Nina maswali. Mtu akinywa nusu ya dawa, hupona nusu? Na kama watu wawili wana maradhi mamoja, na dawa ni moja, si kila mmoja atapata nafuu kidogo kidogo? Nauliza tu. Watu wa huku wanauliza, nami nikaona aibu kuwa dada wa daktari na sina jawabu.

Na kama unaweza, mwezi ujao ongeza kidogo. Unga ulimwagika.

Moza nimemwambia. Anasema atakuja baada ya mavuno ya mpunga. Ana mambo yake.

Ndugu yako,
Mwanawema

*

Wete
4 Juni 1959

Mwanawema,

Umwagike unga wa mwezi mzima? Ulikuwa unacheza nao? Siwezi kuongeza. Dawa inafika imehesabiwa kwa majina, na nikikuzidishia wewe kwa kuwa ni dada yangu, kuna mtu Wesha au Kojani atapungukiwa.

Jawabu la swali lako ni hili, na wasomee hao wanaouliza. Anayekunywa nusu haponi nusu. Vijidudu huionja dawa, huizoea, kisha hata ukimpa ile kamili haimsaidii tena. Nusu ni mbaya kuliko kukosa. Wawili wakigawana dawa moja nitawazika wote wawili.

Sasa nieleze jambo linaloninyima raha. Kikopo chako cha Februari kilikuwa na vijidudu, sawa, ndiyo kwanza umeanza. Cha Machi vilikuwepo. Cha Aprili kikawa safi kabisa, nikafurahi mpaka nikawanunulia watu wa wodi halua. Cha Mei hiki kimejaa! Kimejaa kuliko siku ya kwanza. Sijapata kuona mgonjwa wa namna hii, na vitabuni nimetafuta sikuona. Bwana Safari Jaribu, mpimaji wangu wa darubini, anaapa kuwa anaona alichokiona. Lakini ana miaka hamsini na mbili na macho yake si ya jana. Naogopa anachanganya vioo vya makohozi ya wagonjwa.

Je, unakohoa? Damu ipo? Niambie kweli.

Othman

*

Makangale
19 Mfunguo Tatu, 26 Juni 1959

Kaka Othman,

Sikohoi. Wallahi sikohoi, na damu sina. Nalala usiku kucha. Sijui nikwambie nini, mie si mtu wa darubini.

Bwana Safari usimwonee. Si ndiye yule aliyekuja kumpima baba, akakaa naye siku nzima watu wengine wote walipokuwa wanapita mbali na mlango wetu? Mtu kama yule hawezi kuchanganya vioo. Labda kikopo kinachafuka njiani. Labda ni joto la gari. Labda vijidudu vina siku zao za kutembea na siku za kulala, weye ndiye msomi, tazama tena vitabuni.

Barua yako niliisoma mara nyingi, pale pa nusu. Nilimsomea Jecha. Akasema madaktari wana mambo yao na dini ina mambo yake. Sikumwelewa, tena nilimwelewa. Kichwa changu kimevurugika siku hizi, kaka, usinijali.

Nakuomba kitu kimoja. Kama utakuja Makangale, niletee habari kwanza. Usije ghafla.

Mwanawema

*

Wete
5 Agosti 1959

Mwanawema,

Kikopo cha Juni kilikuwa safi. Cha Julai kimejaa vijidudu. Nimekaa na karatasi hizi mbele yangu siku tatu na sielewi kitu. Nimepima kwa macho yangu mwenyewe cha Julai, ni kweli vimo. Basi aliyekosea ni aliyepima cha Juni na cha Aprili. Safari nimemwachisha kazi Jumatatu. Miaka kumi na minne kwenye darubini. Hakubishana. Alikunja koti lake jeupe, akaliweka juu ya meza, akaniambia, "Daktari, mimi nilikuwa nakwambia nilichokiona tu."

Lakini si hilo tu. Wakubwa wangu Unguja hawakupata kuamini kwamba Mpemba atakunywa dawa nyumbani kwake bila kusimamiwa. Mimi ndiye niliyeshikilia. Mwezi huu natakiwa kuwaandikia kama matibabu ya nyumbani yanafaa, na mgonjwa wa kwanza katika orodha ni wewe. Nikiandika haya niliyonayo, wagonjwa wote kumi na mmoja wa upande wa Konde watafungiwa dawa mpaka walazwe, na vitanda nina vinne. Nikiyaficha, mimi ni mwongo.

Basi wiki ijayo nakuja kwenu na gari la hospitali, nikuchukue ulazwe. Jiandae. Wewe ni mtu wangu wa pekee, sitaki nikuzike kama baba nami nimesimama nimeshika dawa mkononi.

Kaka yako

*

Makangale
6 Mfunguo Tano, 11 Agosti 1959

Kaka Othman,

Barua hii anakuletea Jecha mwenyewe, na atakuwa amesimama mbele yako wakati unaisoma. Usimpige.

Mrejeshe Safari kazini. Alikuwa anaona kweli. Vikopo ni vya watu wawili.

Moza si jirani yangu. Moza ni mke mwenzangu. Jecha alimuoa mwaka ulipokuwa bado Makerere, nami niliwakamata ndugu wote mmoja mmoja nikawaapisha wasikwambie. Nilijua ungekuja kunichukua. Ungesema, dada wa daktari hawekwi ukewenza na mvuvi wa Makangale. Na mie, kaka, unasahau nilivyoolewa. Nyumba ya mtu aliyekufa kwa kifua hakuna anayebisha hodi. Nilikaa mpaka thelathini na moja. Jecha ndiye aliyekuja, peke yake, na hakuuliza baba alikufa na nini. Sikutaka kuachika. Ulipokuja kutuona nikamwambia Moza ajifanye jirani, akaleta mkate wake mlangoni kama mgeni nyumbani kwake.

Alikuwa anakohoa kabla yangu. Uliposema aje aandikiwe kadi, mie ndiye niliyemzuia. Kwenye kadi huandikwa jina la mume. Ungesoma Jecha Mwalim mara mbili.

Basi Jecha akaleta dawa mwezi wa kwanza, akaiweka kwenye sinia, akatuita sote wawili. Weye hujui alivyo na haki huyu mtu. Akinunua kanga hununua doti mbili, akivua changu wawili hutafuta wanaolingana. Alisema, "Kitu kikiingia nyumba moja kisiingie ya pili, Siku ya Kiyama nitafufuliwa upande wangu mmoja umelala." Akahesabu vidonge kimoja huku kimoja kule. Unga akaupima kwa kijiko, akiusawazisha kwa kidole. Na kikopo nacho akakitia katika zamu: mwezi huu cha kwangu, mwezi ujao cha kwa Moza, kwa kuwa kupimwa nako ni kupata kitu. Uliposema nusu inaua nilimsomea. Alilia. Akasema basi nichague nani? Nami nikashindwa kumwambia anichague mimi, na nikashindwa kumwambia asinichague.

Nusu aliyopewa Moza ndiyo niliyokwambia ilimwagika. Sikumwaga unga.

Mwanawema

*

Wete
13 Agosti 1959

Mwanawema,

Sikumpiga. Nilimwambia akae, akakataa, akasimama kutwa mlangoni kama mtu anayengoja hukumu. Nilitaka kumtukana, nikakumbuka yale mambo ya kidole na kijiko, nikashindwa pa kuanzia. Nimeona watu wakiuza dawa, wakiitupa, wakiifunga hirizi. Mtu anayeigawa kwa kumwogopa Mungu sikufundishwa nimfanyeje.

Nimekwenda kwa Safari. Nilimwomba radhi mbele ya mkewe Kijakazi. Kijakazi hakunipa hata maji, na ana haki yake. Safari amerudi leo.

Ukewenza tutauzungumza siku nyengine. Nimeumia kwamba uliniogopa mimi kuliko ulivyoogopa maradhi. Ila sasa hivi nataka kitu kimoja tu. Jecha anasema Ramadhani zamu ziliingiliana, hana yakini kikopo cha mwezi upi kilikuwa cha nani. Kwa hiyo nimempa viwili. Chenye uzi mwekundu ni chako, kisicho na uzi ni cha Moza. Vije pamoja, siku moja. Lazima nijue nani safi na nani si safi.

Othman

*

Wete
27 Agosti 1959

Mwanawema,

Cha uzi mwekundu ni safi. Safari amekitazama mara tatu, nami mara tatu. Umepona au unakaribia. Cha Moza kimejaa.

Ningepaswa kushukuru nikalala. Sijalala. Nilikwambia nusu haisafishi mtu, na ni kweli, nimeiona kwa wagonjwa wengi. Hivyo wewe ungekuwa na vijidudu vilivyoizoea dawa, na Moza vilevile. Badala yake wewe unaonekana kama mtu aliyekunywa dozi nzima bila kukosa siku, na Moza kama mtu ambaye dawa hajaigusa kabisa. Hesabu ya Jecha inasema mligawana sawa. Darubini inasema hamkugawana.

Nani kati yenu anasema uongo? Nakuuliza kama daktari, si kama kaka. Tiba ya Moza inategemea jawabu hili. Kama amekunywa nusu, dawa hii haitamfaa na nyengine sina. Kama hajanywa kitu, bado ninayo nafasi.

Othman

*

Makangale
29 Mfunguo Tano, 3 Septemba 1959

Kaka,

Nimemuuliza Moza. Nilimkalisha jikoni kwangu nikamsomea barua yako, kisha nikamuuliza, dawa yako unaipeleka wapi? Akatazama kopo langu la chai pale kwenye rafu, lile ninalotilia dawa.

Kila mwezi Jecha akishagawa, yeye huja jikoni kwangu kunisaidia kupara samaki, na nikitoka uani huimimina yake ndani ya yangu. Hajanywa hata siku moja. Nikamwambia, una wazimu weye? Akasema, "Jina lililoandikwa ni lako, dada. Sili haki ya mtu." Kisha akasema neno ambalo sijui nitalipeleka wapi. Akasema, "Nusu ya siku zako nilishakuchukulia. Dawa siichukui."

Hapo ningeweza kumaliza barua, kaka, ukamwona Moza mwema na mie nisiyejua kitu. Lakini uliniuliza kama daktari.

Nilijua. Mie nilikuwa nakunywa kama ulivyoniandikia, kamili, nikisema ikiisha tarehe kumi na tano basi, Mungu ndiye mjuzi. Mwezi wa kwanza wa dawa tarehe kumi na tano ikafika, kopo limejaa nusu. Nikasema ni baraka za Ramadhani. Mwezi wa pili vilevile. Ramadhani imekwisha, baraka bado zipo! Nilikuwa nikimsikia Moza anakohoa kwa upande wa pili wa ukuta, nami nafunua kopo langu halipungui, nakunywa, nafunika. Sikuhesabu. Nilijizuia kuhesabu, kwa kuwa ningehesabu ningejua. Na kukwambia uongeze dawa nilikwambia mara moja tu, mwezi wa Aprili. Baada ya hapo sikukwambia tena.

Nilikuwa nataka kupona, kaka. Na siku nyengine nilikuwa nataka Moza apungue, nibaki mke peke yangu. Haya, nimesema.

Mchukue Moza. Andika kadi, na jina la mume liandike kwa herufi kubwa.

Mwanawema

*

Wete
5 Septemba 1959

Mwanawema,

Gari linakuja kesho alfajiri kumchukua Moza. Kitanda kipo.

Barua yako nimeichana, asiisome mtu mwengine. Nikueleze jambo, nami sijui kama litakupunguzia au litakuzidishia. Kama Moza angekunywa ile nusu yake, nyote wawili mngekuwa na vijidudu sugu, na nisingekuwa na la kufanya. Kukataa kwake ndiko kulikokuponya wewe, na ndiko kulikomwachia yeye mlango, kwa kuwa vijidudu vyake havijaijua dawa. Ila miezi sita imekula pafu lake la kushoto, na hilo siwezi kulirudisha.

Ripoti niliiandika mwishoni mwa mwezi uliopita. Nimesema dawa ya nyumbani inafaa, na kwamba daktari alikosea kutouliza nyumba ina watu wangapi. Wamenijibu kwa maneno makali. Wenzako kumi wa upande wa Konde hawakufungiwa dawa.

Othman

*

Wodi ya kifua, Wete
20 Novemba 1959

Dada yangu Mwanawema,

Anayeandika ni Bwana Safari wa darubini, maneno ni yangu mimi Moza. Sijambo kidogo. Unga ule nimeujua sasa, pole kwa uliyoyapata. Kaka yako husimama juu ya kichwa changu mpaka nimeze, kisha hunifumbua mdomo kama mtu anayenunua punda. Safari anasema vijidudu vimepungua. Daktari anasema nitakaa mpaka mwakani, labda zaidi, na kazi nzito basi tena.

Dada, nimewaza sana humu. Mke asiyebeba maji wala kutwanga ni mzigo. Basi zile siku zangu za zamu nimekupa wewe, zote, kwa hiari yangu, Safari ni shahidi. Mwambie Jecha asiwe na wasiwasi wa Kiyama, mwenye haki ameisamehe. Nami sina kinyongo. Lile kopo usilifikirie.

Moza binti Mbarouk

*

Makangale
3 Mfunguo Tisa, 5 Disemba 1959

Moza,

Barua yako imefika na zawadi yako siitaki.

Nilimsomea Jecha. Alifurahi kwa muda mfupi sana, nikamtazama, akaacha. Nimemwambia hivi: siku zangu utalala kwangu, siku za Moza utalala kwa Moza. Akasema, kwa Moza hakuna mtu. Nikamwambia, kuna kitanda, kuna chandarua, kaswali huko huko, ukaamkie huko. Basi kila zamu yako inapofika anachukua taa yake anakwenda kulala peke yake katika nyumba tupu, na asubuhi anakuja kwangu na macho mekundu kuomba chai. Simpi. Siku yako hapati chai kwangu. Anajipikia.

Maji nitayachota mie. Kutwanga nitatwanga mie, mchi wako nimeuleta huku. Nyumba yako naifagia Ijumaa kwa Ijumaa.

Lile kopo la chai unaniambia nisilifikirie. Nalifikiria kila siku, Moza, liko pale pale kwenye rafu na sijalitia kitu chengine. Niliipokea nusu yako hali naijua. Usinisamehe kwa barua, tena mkono wenyewe ni wa Safari. Rudi uje ukae jikoni kwangu unisamehe kwa mdomo wako, au unitukane, vyovyote. Siku zako zipo, hakuna aliyezigusa. Njoo uzichukue.

Mke mwenzio,
Mwanawema